UKUTA NAO HUBEBA JOTO

Masomo ya Redio kwa Watu Wazima
Mazungumzo juu ya Joto: Somo la Nne

Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya kipindi kuanza, weka mezani kikombe kikubwa, maji yaliyochemka, kijiko cha alumini na kijiko cha mti vyenye urefu mmoja, na rula yenye alama za milimita. Andika ubaoni maneno haya: kifereji, ukuta, maikromita, wati, silikoni. Baada ya kipindi, darasa lisome maandishi haya kwa sauti, kila mtu fungu moja.

 

Katika somo lililopita tuliona kwamba joto husafiri kwa njia tatu. Hupita ndani ya kitu kigumu, kama chuma kilichotiwa motoni. Huchukuliwa na kitu kinachokwenda, kama maji au hewa. Tena huja bila kushikwa na kitu chochote, kama joto la jua linavyotufikia. Leo tutazichukua njia mbili za kwanza. Tutaona jinsi zinavyofanya kazi pamoja mahali padogo sana, ndani ya mifereji ambayo upana wake ni kama unene wa unywele. Mifereji hiyo midogo tutaiita vifereji.

Najua mmoja wenu anajiuliza, "Vifereji hivyo vinanihusu nini mimi?" Swali zuri. Kila unapotuma fedha kwa simu, mahali fulani kuna kompyuta inayopiga hesabu ya fedha zako. Na kila kompyuta inapopiga hesabu hutoa joto. Joto hilo lisipoondolewa, mashine hupunguza mwendo, na mwisho huweza kuharibika. Baadhi ya kompyuta zenye nguvu nyingi hupozwa kwa maji yanayopita katika vifereji ndani ya bamba la shaba. Basi jambo hili si la mbali kama linavyosikika.

Haya, tuanze na kikombe.

Mwalimu, tafadhali mimina maji ya moto kikombeni. Tia vijiko vyote viwili, mipini yake ikiwa juu, nje ya maji. Sasa mviache hapo kidogo.

Tunapongoja, fikirini sufuria isiyo na mpini wa mti, ile yenye masikio ya alumini. Umeiweka juu ya jiko la mkaa. Moto uko chini na maji yako ndani. Masikio hayaguswi na moto wala hayaguswi na maji. Lakini ukitaka kuiepua, huyashiki kwa mikono mitupu. Unatafuta kitambaa. Je, ni nani aliyepeleka joto mpaka kwenye masikio? Si moto, wala si maji. Ni sufuria yenyewe.

Sasa, mtu mmoja aje mezani aguse ncha za juu za vijiko, kwa uangalifu asije akaungua. Kijiko cha mti kiko vilevile kama kilivyokuwa. Kijiko cha alumini kimepata moto. Maji ya kikombe ni yaleyale, na vijiko vimekaa humo kwa muda uleule. Tofauti iko katika kitu kilichotumika kutengeneza kijiko.

Andikeni jambo hili katika madaftari yenu, maana ndilo somo la leo: ukuta si mtazamaji tu. Joto linapopita, ukuta nao hubeba.

Tena ukuta hubeba joto kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuvuka. Chini ya sufuria joto linavuka bati, kutoka upande wa moto hadi upande wa maji. Hiyo ndiyo kazi tunayotaka ifanyike. Njia ya pili ni kwenda kwa urefu. Joto linafuata bati kutoka chini, linapanda ubavuni, linafika masikioni. Hiyo ni kazi ambayo hatukuiagiza. Shikeni sana maneno haya mawili, kuvuka na kwenda kwa urefu, kwa sababu mengine yote ya leo yanatoka hapo.

Sasa chukueni rula. Tazameni bomba la maji la nyumbani. Nafasi ya maji ndani yake huweza kuwa milimita 20, na unene wa ukuta wake milimita 1 au 2 tu. Maji ni mengi, ukuta ni mwembamba. Kwa hiyo fundi anayepiga hesabu ya joto katika bomba la namna hiyo mara nyingi hutazama kuvuka tu, akaacha kabisa joto linalokwenda kwa urefu wa ukuta. Hakosei sana. Joto hilo ni dogo, kama senti moja katika hesabu ya shilingi nyingi.

Lakini wekeni kidole kwenye milimita moja ya rula. Milimita hiyo hugawanywa sehemu 1,000, na kila sehemu huitwa maikromita. Unywele wa mtu una unene wa maikromita 50 hadi 100 hivi. Kifereji tunachozungumzia kinaweza kuwa na upana wa maikromita 50, na ukuta wake pia maikromita 50. Hapa ukuta hauna tena wembamba mbele ya maji. Ukuta na maji vimelingana. Na ukiongeza bamba lililo chini yake, kitu kigumu kimeyazidi maji. Hesabu ya bomba la nyumbani haitoshi tena.

Mifereji ya namna hii ilipata sifa mwaka 1981 katika Chuo Kikuu cha Stanford, huko California, Marekani. Mwanafunzi mmoja aitwaye David Tuckerman, pamoja na mwalimu wake Fabian Pease, walichukua kipande cha silikoni. Silikoni ndicho kitu kinachotumika kutengeneza vipande vya kompyuta. Walichonga humo vifereji vyenye upana wa maikromita 50 na kina cha maikromita 300 hivi. Kati ya kifereji na kifereji waliacha ukuta wa maikromita 50. Kisha wakapitisha maji.

Tufanye hesabu kidogo. Kifereji kimoja na ukuta mmoja ni maikromita 50 na 50, jumla 100. Sentimita moja ni maikromita 10,000. Gawanya 10,000 kwa 100. Jibu ni 100. Basi katika upana wa sentimita moja, kama upana wa ukucha, mnaingia vifereji kama 100. Ni shamba zima la matuta na mitaro juu ya ukucha mmoja.

Wakalipasha joto eneo la sentimita moja ya mraba kwa wati 790. Wati ni kipimo cha mwendo wa joto au umeme. Pasi ya umeme ya nyumbani hutumia wati 1,000 hivi, lakini pasi hueneza joto hilo katika bamba kubwa kama kiganja na zaidi. Hawa walitia karibu joto la pasi nzima katika ukucha! Hata hivyo silikoni ilipata nyuzi 71 tu za Sentigredi juu ya maji yaliyokuwa yakiingia. Maji ya vifereji yaliliondoa joto hilo.

Viliwezaje? Sababu mbili. Sikilizeni ya kwanza. Katika bomba pana, maji ya katikati hayagusi ukuta. Yanaingia na kutoka bila kufanya kazi, kama mtu aliyesimama katikati ya kundi akijifanya anachimba. Bomba likiwa finyu, hakuna maji yanayoweza kujificha. Yote yako karibu na ukuta. Maji yakienda taratibu bila kuchafukachafuka, ukipunguza upana wa kifereji kwa nusu, uwezo wa kila sehemu ya ukuta kutoa joto kwa maji huongezeka mara mbili. Lakini kila kitu kina bei yake: kadiri kifereji kinavyokuwa finyu, ndivyo inavyotakiwa nguvu nyingi zaidi kuyasukuma maji.

Sababu ya pili ni kuta zenyewe. Joto linatoka chini, kwenye bamba. Linapanda katika zile kuta zilizosimama kati ya vifereji, na kila ukuta unaligawa kwa maji ya kulia na maji ya kushoto. Kwa hiyo maji hayapati joto kutoka sakafuni peke yake. Yanalipata kutoka pande zote mbili, mpaka juu. Kama kuta zingekuwa za kitu kisichopitisha joto vizuri, joto lingebaki miguuni mwa ukuta, na sehemu za juu zingesimama bure.

Hebu tulinganishe vitu vinavyopitisha joto. Tuseme uwezo wa maji yaliyotulia ni 1. Kioo cha kawaida hakifiki 2. Chuma kisichoshika kutu ni kama 25. Silikoni ni kama 250. Shaba nyekundu ni kama 650. Mnaona? Joto linapofika kwenye shaba ni kama mtu aliyetoka topeni akaingia barabara ya lami.

Basi mtu atasema, "Nimeelewa. Kitu kinachopitisha joto sana ndicho kizuri. Kila mashine na itengenezwe kwa shaba." Ngoja kwanza. Hapa ndipo wengi waliteleza.

Tuingie katika kiwanda cha maziwa. Ili kuua vijidudu, maziwa hupashwa moto mpaka nyuzi 72 kwa muda wa sekunde 15, kisha hupozwa tena. Tuseme maziwa mabichi yanaingia yakiwa na nyuzi 4. Kuyapasha moto kunakula umeme au kuni au mafuta, na kuyapoza kunakula umeme tena. Kwa hiyo watu wakabuni jambo la akili. Maziwa ya moto yanayotoka na maziwa baridi yanayoingia hupitishwa pande mbili za bamba jembamba la chuma. Yanakwenda kwa kupishana, haya yakija na yale yakienda, kama watu wawili wanaopishana njiani. Hayachanganyiki, lakini joto linavuka bamba. Yale ya moto yanapoa na yale ya baridi yanapata moto, bila kuongeza kuni.

Kwa nini yapishane? Kwa sababu yakipishana, maziwa baridi yanapokaribia kutoka hukutana na maziwa yaliyo moto kabisa. Tofauti kati ya 4 na 72 ni nyuzi 68. Mtambo mzuri ukirudisha sehemu 9 katika 10 za joto, maziwa baridi yatapanda nyuzi 61 hivi, yafike nyuzi 65. Zimebaki nyuzi 7 tu za kununua kwa kuni.

Sasa tazameni lile bamba. Upande mmoja wa urefu wake uko karibu na nyuzi 72, na upande mwingine karibu na nyuzi 4. Kuna mteremko wa joto, kama kilima. Mteremko huo ndio mali ya mtambo. Maadamu upo, maziwa baridi yanaweza kupanda hatua kwa hatua mpaka karibu na kilele.

Katika mtambo mkubwa wa maziwa mabamba ni marefu na membamba, na chuma kisichoshika kutu hakipitishi joto sana. Mteremko unakaa. Lakini fanya mtambo huo uwe mdogo sana, urefu wake uwe milimita chache, ukuta wake uwe mnene kuliko nafasi ya kupita, tena uutengeneze kwa shaba. Nini kitatokea? Joto litakwenda kwa urefu. Litakimbia ndani ya shaba kutoka upande wa moto hadi upande wa baridi, bila kupitia katika maziwa. Kilima kitakuwa uwanja. Bamba zima litakuwa na joto la namna moja, la katikati. Jumlisha 72 na 4, upate 76. Gawanya kwa 2, upate 38. Basi bamba likisawazika kabisa, maziwa baridi hayawezi kupita nyuzi 38, hata uuongezee mtambo vifereji namna gani. Badala ya nyuzi 65, nyuzi 38! Zilizobaki utazinunua kwa kuni.

Nani ameiba joto? Hakuna tundu, hakuna kilichovuja, na shaba ni nzuri kabisa. Sifa ileile iliyoisaidia silikoni ya Tuckerman ndiyo iliyouharibu mtambo huu.

Tena kulikuwa na mtu aliyelijua jambo hili vizuri, na ajabu ni kwamba alikuwa katika chuo kilekile cha Stanford, katika miaka ileile ya mwanzo wa 1980. Jina lake William Little. Yeye alitaka kutengeneza friji ndogo sana ya kupozea vyombo vya kupimia. Friji yake ilikuwa kibamba kinachotosha katika kiganja cha mkono. Hewa ya naitrojeni iliyoshindiliwa kwa nguvu iliingia kwa kifereji kimoja. Mwisho wake ilipita kwenye njia finyu ikapanuka, na ilipopanuka ikapoa. Kisha ikarudi kwa kifereji kingine kando ya ile inayoingia, ikiipoza njiani. Hivyo iliyoingia ilifika ikiwa imekwisha poa, ikapoa zaidi, mpaka mwisho wa kibamba ukafikia baridi ya karibu nyuzi 190 chini ya sifuri.

Fikirini kibamba hicho. Ncha moja ina joto la chumba tulichomo. Ncha ya pili, sentimita chache tu kutoka hapo, ina nyuzi 190 chini ya sifuri. Kama kingekuwa cha shaba, joto la ncha ya kwanza lingekimbilia ncha ya pili, na baridi isingekaa. Little alichagua kioo. Kioo kile ambacho wengine wangekiona hakifai kwa kazi ya joto ndicho kilicholinda mteremko. Joto lilivuka ukuta mwembamba kati ya vifereji, kwa sababu safari ya kuvuka ni fupi sana. Lakini kwa urefu lilishindwa, kwa sababu safari ya urefu ni ndefu na kioo ni kizito kwa joto.

Basi chuo kimoja, miaka ileile, vifereji kwa vifereji. Mmoja alitumia kitu kinachopitisha joto sana, mwingine kitu kinachopitisha kidogo, na wote wawili walifaulu. Kila mmoja aliuliza kwanza, "Nataka ukuta wangu ufanye kazi gani?" Msisahau swali hilo.

Tunaweza kujuaje kama joto la urefu ni kubwa au dogo? Mwaka 2004 wataalamu watatu nchini Ufaransa, Maranzana, Perry na Maillet, walitoa kipimo rahisi. Linganisha joto linaloweza kwenda kwa urefu wa ukuta na joto linaloweza kuchukuliwa na maji, tofauti ya nyuzi kati ya mwanzo na mwisho ikiwa ileile. Ikiwa la ukuta halifiki sehemu 1 katika 100 za lile la maji, unaweza kuliacha. Likizidi hapo, lihesabu.

Tuchukue mfano. Ukuta una unene wa milimita 1 na urefu wa milimita 20. Nafasi ya maji ina kimo cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Maji yanakwenda sentimita 10 kwa kila sekunde. Nimepiga hesabu, nawapeni majibu. Ukuta ukiwa wa shaba, joto la urefu ni kama sehemu 48 katika 100. Ukiwa wa chuma kisichoshika kutu, ni kama sehemu 2 katika 100. Ukiwa wa kioo, ni kama sehemu 1 katika 1,000. Tena angalieni mwendo wa maji. Maji yakienda mara kumi zaidi, zile sehemu 48 za shaba hushuka zikawa kama 5. Kumbe maji yanapokwenda polepole ndipo ukuta unapotawala.

Sasa nawaambieni habari ya kosa moja, kwa maana linatufundisha zaidi kuliko ushindi. Katika miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, watu wengi walipima joto katika vifereji. Majibu yao hayakulingana. Wengine walipata maji yanachukua joto zaidi kuliko vitabu vinavyosema, wengine walipata kidogo zaidi. Wapo waliofikiri kwamba maji yakiingia mahali padogo huacha sheria zake za zamani na kufuata sheria mpya.

Tazameni jinsi mtu mwaminifu anavyoweza kukosea. Anapasha joto bamba la shaba kwa chini, sawasawa kila mahali. Maji yanaingia yakiwa na nyuzi 20 na kutoka yakiwa na nyuzi 40. Anasema, "Katikati ya njia maji yana nyuzi 30." Hapimi ndani ya kifereji, hakuna kipimajoto kinachoingia humo kwa urahisi. Anapima ukuta tu, anakuta nyuzi 36. Anatoa 30 katika 36, anapata 6. Lakini shaba imempita. Imechukua joto na kulirudisha nyuma, kule maji yanakoingia yakiwa baridi. Maji yamepashwa mapema. Tuseme katikati yana nyuzi 33, si 30. Tofauti ya kweli ni 3, si 6. Yeye anaandika kwamba ilitakiwa tofauti ya nyuzi 6 ili maji yachukue joto lile, kumbe zilitosha nyuzi 3. Ameyapunguzia maji nusu ya uwezo wao. Maji hayakukosa lolote.

Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Watu walitafuta sheria mpya ndani ya maji, na sehemu ya kosa ilikuwa katika ukuta walioushika mkononi. Nasema sehemu, kwa sababu zilikuwapo sababu nyingine pia: upana wa vifereji uliopimwa vibaya, kuta zenye mikwaruzo, na maji ambayo yalikuwa bado hayajatulia mwendo pale mlangoni. Sababu hizo zilipohesabiwa zote, ilionekana kwamba maji katika vifereji vya ukubwa tuliotaja yanafuata sheria zilezile za bomba la nyumbani.

Dawa yake ni nini? Ni kutokata hesabu vipande viwili, yaani hesabu ya ukuta peke yake na hesabu ya maji peke yake. Zifanywe pamoja. Mwaka 1961 mtaalamu aitwaye Perelman aliandika juu ya hesabu za namna hii, na tangu hapo zimekuwa na jina maalumu katika elimu ya joto. Sisi tutaiita hesabu ya pamoja.

Hesabu ya pamoja ina masharti mawili mahali ukuta na maji vinapogusana. Sharti la kwanza: uso wa ukuta na maji yanayougusa vina nyuzi sawa. Sharti la pili: joto linalotoka ukutani ndilo hilohilo linaloingia majini, halizidi wala halipungui. Ni kama mnunuzi na muuzaji sokoni. Shilingi zilizotoka mkononi mwa mmoja ndizo zilizoingia mkononi mwa mwingine. Ukifungua daftari la mmoja na daftari la mwingine, lazima yakubaliane. Yasipokubaliana, kuna mtu amesahau kuandika. Siku hizi kompyuta hupiga hesabu hiyo, kipande kwa kipande, mpaka madaftari mawili yakubaliane kila mahali.

Wanafunzi wenzangu, wakati wetu unakwisha. Tukumbushane mambo manne. Kwanza, ukuta hubeba joto kwa kuvuka na kwa urefu. Pili, mahali padogo ukuta huwa mnene mbele ya maji, na joto la urefu haliwezi kuachwa bila kulipima. Tatu, kitu kizuri kwa kazi moja huweza kuharibu kazi nyingine. Silikoni ilifaa kwa Tuckerman, kioo kilifaa kwa Little. Nne, kipimo kikikataa kukubaliana na kitabu, usikimbilie kukilaumu kitabu wala kuyalaumu maji. Tazama kwanza chombo ulichokishika.

Usiku wa leo, utakapoepua sufuria, tumia kitambaa, na ukumbuke ni nani aliyeleta joto mpaka kwenye masikio yake.

Kwaherini mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kifereji: mfereji mdogo sana, upana wake kama unene wa unywele au kiasi cha nywele chache.
Maikromita: sehemu moja katika 1,000 za milimita.
Wati: kipimo cha mwendo wa joto au wa umeme.
Silikoni: kitu kigumu kinachotumika kutengeneza vipande vya kompyuta.
Mteremko wa joto: hali ya kitu kuwa moto upande mmoja na kupungua joto hatua kwa hatua kuelekea upande mwingine.
Hesabu ya pamoja: hesabu ya joto inayotazama ukuta na maji kwa wakati mmoja.

MASWALI

1. Kwa nini masikio ya sufuria ya alumini hupata moto, na moto hauyagusi?
2. Vifereji vyenye upana wa maikromita 100, na kuta zenye upana wa maikromita 100, vitaingia vingapi katika upana wa sentimita moja?
3. Maziwa ya moto yana nyuzi 80 na maziwa baridi yana nyuzi 10. Ikiwa bamba lote la mtambo limesawazika, maziwa baridi hayawezi kupita nyuzi ngapi?
4. Little alichagua kioo. Eleza sababu kwa maneno yako mwenyewe.
5. Tazama vyombo vya jikoni kwako. Taja kimoja ambacho ungependa kipitishe joto sana, na kimoja ambacho ungependa kisipitishe. Mweleze jirani yako kwa nini.

Majibu ya hesabu: Swali la 2, vifereji 50. Swali la 3, nyuzi 45.